Kabla mtoto hajavaa glavu, uliza nani atateka maji

Kijana wangu alikuwa na miaka 11 alipokuja nyumbani na karatasi ya timu ya mpira ya mtaa wetu, hapa Lubumbashi, Kongo. Ilikuwa Oktoba, joto lile la kungojea mvua ya kwanza, vumbi jekundu limeingia mpaka kwenye sufuria. Karatasi iliomba picha mbili, cheti cha kuzaliwa, mchango wa kila mwezi na sahihi ya mzazi. Nilitia sahihi nimesimama, mkono mwingine una mwiko wa bukari, ugali wetu.

Leo msimu umekwisha, na kama ningerudishiwa siku ile ningeketi kwanza. Ningewaita wote wa nyumbani, hata yule mdogo wa miaka mitano, niwaulize: huyu akiwa uwanjani Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, kazi zake nani atazifanya?

Sikuuliza. Na kazi haikai bila mwenyewe, inamtafuta mtu. Kwetu ilimpata binti yangu mkubwa.

Nieleze vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha haya yote. Maji ya bomba mtaani kwetu hayana saa maalumu, kwa hiyo tunateka kwenye foraji ya jirani, yaani kisima kilichochimbwa kwa mashine, bidoni za lita 20, na foleni huwa fupi kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. Hiyo ilikuwa kazi ya kijana. Binti, aliye na miaka 14, saa hizo alikuwa akikaa dirishani na madaftari yake, kwa sababu umeme ukikatika jioni, na hukatika mara nyingi, mwanga wa jua ndio pekee asioulipia. Mazoezi yalipoanza saa tisa na nusu, kijana akaenda na mpira, binti akaenda na bidoni. Hakuna aliyemwamuru. Alimwona mdogo wake ametoka mbio, akaziona bidoni tupu, akazibeba. Akirudi, jua limeshuka. Madaftari yakahamia kwenye tochi ya simu, simu yenyewe ikiwa na chaji ya kubahatisha.

Mimi nilikuwa nikimsifu. Niliwaambia majirani, "Huyu binti yangu ni mkono wangu wa kulia." Buletini yake ya masomo ya kipindi cha pili ilipokuja, hesabu zilikuwa zimeshuka vibaya, nikamfokea. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mama, mimi pia nilikuwa na saa kumi yangu."

Sikulala vizuri usiku ule. Sisi akina mama tunahesabu gharama za mpira kwa franka: viatu, mchango, nauli ya teksi-basi, maji ya kunywa. Zile ni gharama za juu juu. Gharama kubwa zaidi hulipwa kwa saa, na mlipaji mara nyingi ni mtoto wa kike ambaye hajawahi kuugusa mpira wenyewe. Ukitaka kujua kama nyumba yako iko salama, usimtazame mchezaji, yeye atakuwa na furaha tu. Watazame wengine.

Tulichofanya ni hiki. Tuliketi wanne, baba yao, mimi na hao wawili wakubwa, tukaandika kazi zote za nyumba kwenye kipande cha katoni: maji, vyombo, kufagia uwanja wa nyumba, kumchukua mdogo masomo, kununua makala ya kupikia. Kisha tukaweka kanuni kwamba kazi ya mchezaji inabaki kuwa ya mchezaji, ila inahama saa. Siku za mazoezi anateka alfajiri, saa kumi na moja na nusu, kabla ya masomo. Nilidhani ataacha mpira baada ya wiki moja. Hakuacha. Na baba yao akachukua Alhamisi kuwa yake, akawa anateka mwenyewe akitoka kazini. Nawasihi akina baba msiipite sentensi hiyo haraka. Mwanaume akionekana na bidoni kwenye foleni ya foraji mara tatu, mara ya nne hakuna anayegeuka kumtazama.

Sasa mpira wenyewe.

Mji huu haumwachi mtoto aanze taratibu. Baba yao ni mtu wa Lupopo kwa urithi, babu yao alifanya kazi reli, na Lupopo ndiyo timu ya watu wa reli. Kaka yangu ni wa Mazembe, timu nyingine kubwa ya hapa, damu nyeupe na nyeusi kama jezi zao. Desemba 14, 2010, Mazembe ilipowafunga Internacional ya Brazili mbili kwa bila kule Abu Dhabi na kuwa klabu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu, hata mume wangu alitoka nje kushangilia, ingawa hapendi nikumbushe. Kwa hiyo kocha alipomweka kijana golini, mjomba wake, huyo kaka yangu, alisikia neno moja tu, Kidiaba, kipa wa Mazembe wa siku ile. Kesho yake alileta glavu za mtu mzima. Jioni akamfundisha kuruka kwa makalio kama Kidiaba alivyokuwa akishangilia, kabla hajamfundisha kudaka.

Mechi ya kwanza kijana alifungwa mabao sita. Manne yalipita juu ya kichwa chake. Mjomba, pembeni, alipiga kelele dakika zote, "Ruka! Ruka!" Mtoto akarudi nyumbani amevua glavu, amezificha ndani ya mfuko wa plastiki, hataki watu wazione njiani.

Mimi ni fundi cherehani. Sijui mengi ya mpira, lakini futi ninaijua. Jumatatu nilikwenda uwanjani na futi yangu na binti akanisaidia kupima. Milingoti ilikuwa imewekwa kwa vipimo vya watu wazima, mita 7.32 kwa upana na mita 2.44 kwa kimo. Kijana wangu ana mita 1.41. Akinyoosha mikono na kuruka, bado kulikuwa na nafasi juu ya vidole vyake ambayo hakuna bidii inayoweza kuijaza. Tulikuwa tukimlaumu mtoto kwa kosa la mbao.

Nilimpelekea kocha namba hizo, kwa heshima, baada ya mazoezi, watoto wakiwa wameondoka. Ni kijana mwenye nia njema, anafundisha bila mshahara. Sheria za mpira zenyewe zinaruhusu, kwa mashindano ya watoto, kupunguza ukubwa wa uwanja, wa goli na wa mpira, na hata kufupisha muda wa mchezo. Kule Uingereza watoto wa umri huo wanaocheza tisa kwa tisa hutumia goli la mita 4.88 kwa 2.13. Tukakata mianzi, tukasimamisha goli dogo. Baba mmoja alileta toroli, tukasomba udongo wa kichuguu kilichokuwa nyuma ya uwanja kusawazisha mashimo mbele ya goli. Udongo ule ukimwagiwa maji na kushindiliwa unashika kuliko saruji mbaya. Wazazi ambao hatukuwahi kusalimiana tulitumia Jumamosi nzima pamoja. Mpira nao tuliubadilisha. Ule mkubwa, namba 5, una uzito wa gramu 410 hadi 450, na mtoto wa miaka 11 anahitaji namba 4.

Baada ya hapo aliendelea kufungwa, lakini mabao aliyoyaona. Ni tofauti kubwa sana kwa mtoto. Lile la juu ya kichwa humwambia kuwa yeye ni mdogo. Lile la pembeni ya mkono humfundisha asimame wapi kesho.

Na kaka yangu? Nilimwomba aje kwa sharti moja, kwamba asimtamkie mtoto neno lolote mpira ukiwa unachezwa, wala jina la Kidiaba mpaka mwisho wa msimu. Alikasirika wiki mbili. Kisha akaja, akakaa juu ya kichuguu na mtoto wetu mdogo mapajani, akimhesabia pasi. Mdogo sasa anajua kuhesabu mpaka 40.

Kuhusu chakula nitasema kifupi. Usimpe bukari na sombe, majani ya muhogo, saa moja kabla ya mechi ukidhani unampa nguvu. Nilifanya hivyo, akatapika kipindi cha kwanza. Chakula kizito kiliwe masaa matatu kabla ya mechi. Karibu na mchezo ndizi au mkate na chai vinatosha. Maji anywe kidogo kidogo, asingojee kiu. Viatu nunua vya mitumba soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, mguu wa umri huo unakua haraka, lakini mtoto mwenyewe awepo avijaribu akiwa na soksi.

Jambo la radi sitalifupisha. Kati ya Novemba na Machi mawingu ya hapa hujikusanya mchana, na saa za mazoezi ndizo saa zake. Mwezi wa Januari radi ilinguruma mechi ikiendelea, na wakubwa wakataka imalizike kwa sababu zilibaki dakika kumi na timu yetu ilikuwa mbele. Niliingia uwanjani, nikamshika mwanangu mkono, nikatoka naye. Walinizomea. Kijana alilia kwa aibu, na hilo liliniuma. Ningefanya tena. Ukisikia ngurumo, umeme tayari uko karibu kiasi cha kukufikia. Watoto watoke, waingie ndani ya nyumba au gari lililofungwa, wasikimbilie chini ya mwembe wala juu ya kichuguu, na wasirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Sema haya kwenye mkutano wa kwanza wa wazazi, kabla ya wingu lolote, ili siku ile usionekane adui wa timu.

Jambo jingine lilikuja nyumbani kwa miguu yake. Mwezi wa Machi alikuja bwana mmoja wa uongozi, akanywa chai yangu, akasifu watoto wangu, kisha akauliza kama tunaweza kutafuta karatasi nyingine ya kumwonyesha kijana ana miaka tisa. "Kila mtu anakata miaka," alisema. "Mtamsaidia mbele ya safari." Mume wangu alinitazama, na niliona kwamba anasitasita, kwa sababu aliambiwa mtoto ana kipaji na ni vigumu kwa baba kulikataa neno hilo.

Tulikataa. Mtoto aliyefunzwa na wazazi wake kusema uongo kuhusu siku aliyozaliwa ataniamini kwa lipi? Na hata kwa wale wanaohesabu faida, hesabu haisimami. Tangu 2009 FIFA hutumia picha za mashine ya sumaku za kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17, kuangalia kama mfupa umekomaa kupita umri huo. Baada ya jibu letu kijana alikaa benchi mechi tatu. Sikuficha sababu. Nilimwambia yote, na baba yake akaongeza la kwake: "Uliketi pale kwa ajili ya jina lako."

Kwa hiyo kama una mtoto mchanga sasa hivi, mwandikishe. Sheria ya Kongo ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inatoa siku 90 tangu kuzaliwa kumtangaza kwa ofisi ya hali ya kiraia. Zikipita, njia inakuwa ya mahakamani, ndefu na ya gharama. Na akija mtu na ahadi ya kumpeleka mwanao Ulaya akiwa na miaka 13 au 14, kumbuka kuwa kanuni za FIFA hazikubali mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache sana. Atakayekuomba pesa za pasipoti kwa safari hiyo, mfungulie mlango atoke.

Jumapili tulishindana nayo mpaka mwisho. Mechi nyingine ziliwekwa saa nne asubuhi, saa ya misa. Tuliamua kwenda misa ya kwanza, ya saa kumi na mbili na nusu, wote, hata mjomba. Wengine wataamua vingine na siwahukumu, ila waamue wakiwa pamoja, siyo kila Jumapili upya mlangoni.

Msimu uliisha mwezi wa Juni, asubuhi za baridi ile inayokausha midomo. Timu yetu ilikuwa ya tano kati ya nane. Hesabu za binti zimepanda tena, si kama zamani, lakini zinapanda. Jumamosi mchana ni zake sasa, anajifunza kushona kwenye cherehani yangu ya pili, na hakuna anayeruhusiwa kumtuma, hata mimi.

Jumamosi ya mechi ya mwisho niliamka kuwasha mbabula, jiko letu la makala. Nje, kwenye giza la kijivu, kijana alikuwa anarudi kutoka foraji na bidoni mbili, amekwisha kuvaa jezi ya kipa chini ya sweta, glavu zimechomekwa kiunoni. Aliuliza kama Yaya, dada yake mkubwa, ameamka. Nikamwambia bado, apite polepole.