Betri haichagui herufi

Ndugu mmoja msomaji kaniandikia kwamba kibodi yake isiyo na waya imegoma kwenye Q, A, Z na namba 1. Vitufe vingine vyote vinaandika. Kabadilisha betri mara tatu, kachomoa risiva na kuirudisha, na fundi wa jirani kamwambia aitupe anunue nyingine. Ujumbe wa namna hii haukauki, na karibu kila anayeuleta kaanzia pale pale, kwenye betri.

Betri haichagui herufi. Ikichoka, inavichokea vitufe vyote kwa pamoja. Risiva nayo, kile kidude cha kuchomeka kwenye USB, haina namna ya kuipokea W na kuikataa Q. Kwa hiyo kabla hujaenda dukani wala hujashika bisibisi, chukua karatasi. Fungua Notepad, ile programu ndogo ya kuandikia ya Windows, bonyeza kitufe kimoja kimoja kuanzia kona ya juu kushoto mpaka ya chini kulia, na kila kilichogoma kiandike. Kwa vitufe visivyoandika kitu, kama Shift na Ctrl, bonyeza Windows, Ctrl na O kwa pamoja: kibodi itatokea kwenye kioo, na kila kitufe unachobonyeza kitabadilika rangi pale ujumbe wake unapofika. Karatasi hiyo ndiyo itakayokuambia uende wapi. Wengi hawaiandiki, halafu wanabaki kubahatisha wiki nzima.

Kama vyote vimegoma, au vyote vinashika na kuachia, hapo sasa ndipo betri inapohusika. Betri ya alkalaini ya AA au AAA ikiwa mpya husoma karibu volti 1.6 kwenye mita ya kupimia umeme. Ikishuka chini ya 1.2, iweke pembeni. Pima zote mbili, na usichanganye mpya na kuukuu, maana iliyochoka huiburuza mwenzake na mara nyingi ndiyo inayovuja. Ukikuta ungaunga mweupe kwenye chemchemi, hiyo ni chumvi ya alkali iliyotoka ndani ya betri, na inazuia umeme. Lowesha kijiti cha pamba kwa siki au maji ya limau, sugua mpaka chuma kionekane, pitisha spiriti, acha pakauke. Siki ikibaki pale nayo itakula chuma.

Betri ni nzima lakini herufi zinaruka, au unaandika "habari" inatoka "habaaaaari"? Hiyo ni mawasiliano. Kibodi hutuma taarifa mbili kwa kila kitufe: kimebonyezwa, kimeachiwa. Ya pili ikipotea hewani, kompyuta inaamini bado umekandamiza, na inaendelea kumimina. Angalia risiva imechomekwa wapi. Nyingi zinatumia masafa ya gigahezi 2.4, na matundu ya USB 3.0, yale ambayo mara nyingi yana ulimi wa bluu ndani, hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayo hayo hasa yakiwa yanafanya kazi. Intel walilieleza jambo hili kwa vipimo mwaka 2012, na mpaka leo watu wanachomeka risiva ubavuni mwa diski ya nje kisha wanailaumu kibodi. Ihamishie tundu la USB 2.0, lile jeusi au jeupe. Kama huna, tafuta waya wa kurefushia USB, hata wa nusu mita, uilete risiva juu ya meza mbele ya kibodi. Kwa kompyuta ya mezani yenye risiva nyuma ya kasha la chuma, waya huo peke yake humaliza tatizo mara nyingi kuliko betri.

Kipimo cha haraka kwa walionunua kibodi na mausi vinavyotumia risiva moja: mausi nayo ikikwamakwama, tazama risiva. Mausi ikiteleza vizuri, geukia kibodi.

Za Bluetooth hazina risiva ya kuhamisha. Ifute kwenye orodha ya vifaa, uiunganishe upya. Ikiwa inakatika katika baada ya muda, ingia Device Manager, fungua adapta ya Bluetooth, na kwenye ukurasa wa Power Management ondoa alama ya tiki inayoiruhusu Windows kuizima ili kuokoa umeme. Herufi ya kwanza kupotea baada ya kuiacha kibodi imekaa kitambo si ugonjwa. Ilikuwa imelala, na mguso huo umeiamsha.

Kuna tatizo jingine linalofanana kabisa na kibodi mbovu, na linatoka kwenye Windows yenyewe. Ukikandamiza Shift ya kulia kwa sekunde 8, linakuja dirisha linalouliza kama unataka kuwasha Filter Keys. Watu hubonyeza Enter bila kusoma. Kuanzia hapo kompyuta inaupuuza mguso mfupi, na herufi haitoki mpaka uikandamize kwa muda. Mtu anayeandika kwa kasi ataapa kwamba kibodi imekufa. Kandamiza tena Shift hiyo hiyo sekunde 8, au ingia Settings, Accessibility, Keyboard, uizime. Kwenye Mac jina lake ni Slow Keys. Namba za upande wa kulia nazo zikigoma peke yazo, gusa Num Lock kwanza. Kama bado, na mshale wa mausi unasogea wenyewe ukizibonyeza, umewasha Mouse Keys bila kujua: Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock kwa pamoja ndivyo vinavyoiwasha na kuizima. F1 mpaka F12 zikipandisha sauti badala ya kufanya kazi yake, jaribu Fn na Esc.

Kitufe kimoja tu kikigoma, au kikitaka kupondwa ndipo kiitike, tatizo liko chini yake. Zima kibodi, toa betri, kisha inua kofia ya kitufe kwa kipande cha plastiki bapa, ukianzia kona ya juu. Usianze na Space, Enter wala Shift: hizo zina waya wa chuma wa kuzisawazisha, na ukizivuta kwa pupa unavunja kishikizo. Chini utakuta kombe dogo la mpira. Makombo ya mkate, nywele na kucha vinatoka kwa brashi laini. Soda iliyoganda inataka spiriti kwenye kijiti cha pamba. Uwe mwangalifu na spiriti ya duka la dawa, maana nyingine imetiwa mafuta: dondosha tone kwenye kioo, likikauka na kuacha utando, usiitumie humu. Petroli na thina zinayeyusha plastiki, usizikaribishe kabisa. Na kama kombe limechanika, huna haja ya kutafuta spea. Kwenye kibodi ambazo makombe yametengana moja moja, chukua la Scroll Lock au Pause, liweke kwenye A. Hakuna atakayeikumbuka Scroll Lock.

Sasa Q, A, Z na 1. Vinne hivyo vimesimama karibu katika mstari mmoja, na huo ndio ushahidi. Ndani ya kibodi ya kawaida kuna karatasi tatu za plastiki zimelaliana. Ya juu na ya chini zimechorwa njia za wino unaopitisha umeme, ya kati ina matundu. Ukibonyeza, njia ya juu inagusa ya chini kupitia tundu. Kila kitufe hakina waya wake. Vimepangwa kama kimia, vinagawana njia za wima na za mlalo, na vinne hivi mara nyingi viko kwenye njia moja. Njia ikikatika, vinakufa pamoja siku moja.

Igeuze. Skrubu nyingine zimejificha chini ya stika na chini ya miguu ya mpira: pitisha kidole juu ya stika ukisukuma, utasikia shimo. Ukishazitoa zote, kingo zimeshikwa na vibano, vifungue kwa kadi ya plastiki ya simu au benki. Angalia pale karatasi za plastiki zinapoingia kwenye kibao cha elektroniki. Kwenye kibodi nyingi za bei nafuu hakuna lehemu hapo. Mkia wa karatasi umelazwa juu ya vidole vya kibao na kubanwa na kipande cha chuma au plastiki chenye mpira chini yake, kwa skrubu mbili au tatu. Skrubu hizo hulegea, vumbi na unyevu vikaingia, na kidole kimoja kikiacha kugusa, safu nzima imekwenda. Fungua, futa vidole vya kibao: vikiwa vya chuma kinachong'aa, kifutio cha penseli kinatosha, vikiwa vyeusi, hiyo ni kaboni, tumia pamba yenye spiriti kidogo bila kusugua. Wino wa kwenye mkia uguse kwa huruma, unabanduka. Panga matundu yakae sawa, kaza skrubu kwa zamu ili mpira ubane sawasawa.

Isipokubali, fuata njia ya wino kwa macho kuanzia kidole chake mpaka chini ya Q. Chai au soda iliyoingia huacha doa la kijani au jeusi mahali wino ulipoliwa. Ukitumia mita, iweke kwenye omu, yaani kipimo cha ukinzani, usitegemee mlio, kwa sababu wino una ukinzani na mita inaweza kunyamaza hata njia ikiwa nzima. Pengo la milimita chache linazibika kwa rangi inayopitisha umeme. Ile ya kurekebishia mistari ya joto ya kioo cha nyuma cha gari inafaa. Lehemu usiijaribu, itatoboa plastiki. Penseli inashika siku mbili tatu, kisha mnarudi mlipokuwa.

Kinachostahili kutupwa ni kibodi ya bei ndogo iliyopoteza risiva, maana nyingi zimefungwa na risiva zao tangu kiwandani. Logitech zinaokoleka: zenye alama ya Unifying zinaunganishwa na risiva nyingine ya Unifying, na za Bolt, zilizokuja 2021, na ya Bolt. Hizo mbili hazichangamani, kwa hiyo soma alama kabla hujalipa.

Ndugu wa Q, A, Z: anza na skrubu za mkia. Ukishazikaza, laza kifuniko bila kukifunga, weka betri, bonyeza herufi zako nne kwenye Notepad. Zikitoka, ndipo urudishe skrubu za nje.