Ukiwapeleka wageni kwenye nguzo ya Vasco da Gama, anza na pilipili manga

Juzi kundi la Wareno limefika Malindi likaniulizia mimi kwa jina, sikujitangaza popote, wameelekezwa na wenzao waliokuja mwaka jana. Nilipoweka picha zao, kijana mmoja akaniandikia inboksi: kaka, mimi wageni wangu wakifika kwenye nguzo ya yule nahodha Mreno, Vasco da Gama, wanapiga selfi wanarudi garini, wewe unawashikaje? Najua mko wengi mnaotaka kula kupitia kazi hii kwa hiyo namjibu hapa.

Kwanza mjue nilikotoka. Kuna hoteli, siitaji, meneja alisema mbele ya watu kwamba wageni wake hawataki stori za vijiweni, wanataka mtu mwenye cheti, nikaambiwa nikasubiri nje ya geti. Bado inaniuma, sidanganyi. Ila pale nje ndo nilianza kusoma, na leo wenye vyeti wananiuliza mimi.

Sasa ushauri. Usianze na tarehe, anza na kilichowatoa Wareno wa zamani kwao. Kila mtu amekariri dini, dhahabu na sifa, ukisema hivyo mgeni anapiga miayo. Wewe sema bei. Pilipili manga na mdalasini vilitoka India vikapita kwa Waarabu, Misri, mpaka Venice, kila mkono unaongeza chake, na Ureno iko pembeni kabisa ya Ulaya inasubiri makombo. Ndo wakaiteka Ceuta, mji wa pwani ya Afrika Kaskazini, 1415, wakateremka pwani ya Afrika Magharibi taratibu wakitafuta dhahabu na kubeba watumwa, mpaka Bartolomeu Dias akaizunguka ncha ya kusini 1488. Dini ilikuwepo pia, walikuwa wanamtafuta mfalme Mkristo wa hadithi, Prester John, wakidhani yuko huku upande wa Ethiopia atawasaidia kupigana na Waislamu. Mtu wa kwanza wa meli za da Gama kushushwa Calicut, bandari ya India, 1498 alipoulizwa mmefuata nini alijibu Wakristo na viungo, basi, umemaliza somo.

Halafu wape zawadi za Vasco da Gama kwa mtawala wa Calicut, moja moja, polepole: vitambaa vipande 12, kofia 6, mabeseni ya kunawia 6, kasha la sukari, mapipa mawili ya mafuta na mawili ya asali. Watu wa ikulu walicheka, wakasema hata mfanyabiashara maskini wa Makka hutoa zaidi ya hivyo. Wageni wangu hapo hucheka mpaka wanashika mbavu, Wareno ndo zaidi, wakishacheka vizuri nawaambia kilichofuata: 1502 Kilwa inalazimishwa kulipa kodi, 1505 kamanda wao Almeida anaipora Kilwa kisha anaichoma Mombasa. Kimya. Hakuna anayekimbilia garini.

Na tumieni upepo jamani, ni bure. Pale kwenye mwamba unawapiga usoni. Waambie mfalme wa Malindi aliwapokea Wareno 1498 kwa sababu alikuwa na ugomvi na Mombasa, akawapa rubani, wakaondoka 24 Aprili upepo wa kusi ndo unaanza, 20 Mei wakawa pwani ya India. Kurudi hawakusubiri msimu. Wakaondoka Oktoba kaskazi haijashika, wakakaa baharini karibu miezi mitatu, kiseyeye kikawamaliza, fizi zinavimba mpaka mtu hawezi kula, na walipofika huku kwetu wakaichoma meli yao wenyewe, São Rafael, maana mabaharia wa kuiendesha hawakutosha. Babu zetu hiyo kalenda ya upepo walikuwa nayo kichwani, na sisi tunaiacha tunakazana kumwambia mtalii nguzo ina urefu gani!

Someni, vijana. Na huyo rubani acheni kusema ni Ibn Majid, yule baharia maarufu wa Kiarabu, wanahistoria wengi siku hizi wanaona alikuwa Mgujarati wa India, nimeshuhudia mwenzetu akibanwa na mzee wa Kireno pale pale akakosa pa kutokea, na tipu ikaondoka na mzee.

Ada ya kuingia msiniulize, inabadilika, ulizeni getini kabla hamjampa mgeni bei yenu.