Mafaili mazito ya Git tuyaweke wapi?

SWALI: Habari zenu jamani. Tuko watatu tunatengeneza gemu, kila kitu tunaweka Git (programu ya kutunza matoleo ya mradi), sasa video zimekuwa nzito nikituma GitHub, tovuti tunayohifadhia mradi, inakataa. Nina nafasi Amazon S3, ile hifadhi ya mtandaoni, naweza kuitumia? – Msomaji, Arusha

JIBU: Nzuri, na ndiyo unaweza. GitHub haipokei faili linalozidi MB 100, na hata ingepokea, Git inatunza kila toleo, ukibadilisha video mara kumi zote kumi zinabaki humo na mwenzako akivuta mradi bando linaisha hapohapo. Wengi watakwambia Git LFS, nyongeza ya Git ya mafaili makubwa, siyo mbaya, ila inataka seva yake, S3 yako haiingii moja kwa moja. Kwa hali yenu mimi ningechukua git-annex, programu ya Joey Hess inayofanya kazi pamoja na Git, ndani ya Git inabaki alama ndogo tu ya faili, mzigo wenyewe unaenda S3, tena unaweza kuusimba (kuugeuza usisomeke bila ufunguo) kabla haujatoka kwenye mashine yako. Unaanza na git annex init, halafu git annex initremote yenye type=S3 ili iijue hifadhi yako, faili unaziingiza kwa git annex add na kuzipandisha kwa git annex copy --to. Ninachokipenda sana, ukitumia git annex drop ili upate nafasi kwenye laptopu, inakagua kwanza kama kopi nyingine ipo, isipoiona inagoma kufuta! Wenzako nao wawe na funguo za S3. Na zile video zilizokwisha ingia kwenye historia ya Git hazitoki zenyewe, itabidi uiandike upya historia hiyo kwa programu ya git filter-repo na wote mvute mradi upya, kwa hiyo kubalianeni kabla hujagusa kitu.