Mstari ule chini ya dawa

Wiki hii mmeuliza: "Je, wahudumu wa vituo vya afya wawaandikie wagonjwa mazoezi kama wanavyowaandikia dawa?" Nilipolisoma swali hilo niliiweka simu chini, nikamaliza kwanza kupanga mitumba yangu mezani. Nilijua nikijibu papo hapo nitaandika kwa hasira.

Jibu lililonijia kwanza ni hapana. Sisi wa Busia, huku Uganda mpakani na Kenya, tunajua neno "mazoezi" hutamkwa lini: hutamkwa dawa zikiwa zimekwisha. Tangu 2001 serikali ilipofuta malipo katika vituo vyake, kumwona musawo, yaani mhudumu wa afya, ni bure, lakini ni mara ngapi umetoka mikono mitupu ukaambiwa ukanunue mwenyewe? Mume wangu alipopimwa presha mara ya kwanza ilisoma 170 kwa 110. Dawa hakuna. Aliyempima hakuinua hata macho. "Mzee, punguza chumvi, fanya mazoezi. Anayefuata!" Tulitembea hadi duka la dawa kimya kimya, nikakopa pesa ya vidonge vya wiki mbili.

Na mimi niliyesimama pembeni siku ile, mazoezi yangu angeniandikia nani? Jerikeni ya lita 20 kichwani alfajiri, kisha shamba, kisha soko mpaka jioni. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliosema kwamba Uganda ni asilimia 5.5 tu ya watu wazima wasiojishughulisha kimwili vya kutosha, kiwango miongoni mwa vya chini kabisa duniani. Watu walishangilia. Mimi niliuona mgongo wangu ndani ya hesabu ile, kwa sababu wanahesabu pia kazi za sulubu na safari za miguu, si michezo peke yake.

Lakini kuna sista mmoja ambaye siwezi kumwacha nje ya jibu hili.

Mume wangu alianza bodaboda wakati bodaboda ni baiskeli. Vijana wa leo hawajui kwamba jina hilo lilizaliwa huku mipakani, abiria na mizigo wakipakiwa kwenye keria kutoka boda hadi boda. Keria yake ilikuwa na godoro dogo alilolishona mwenyewe, la kitambaa chekundu, na wateja walimjua kwa godoro hilo. Alikuwa na miguu kama nguzo. Baadaye zikaja pikipiki. Naye akanunua yake, na hapo ndipo alipoanza kukaa. Anakaa stejini akingoja abiria, anakaa akiendesha, anakaa akila. Mwaka hadi mwaka mkanda ukasogea tundu moja.

Miezi kadhaa baada ya kupimwa tulirudi kituoni. Safari hii tulimkuta sista kijana, mgeni kwetu. Alipima mara mbili, akafungua daftari la mzee, lile la shule tunalonunua sote kwa ajili ya hospitali, akaandika dawa (siku hiyo zilikuwepo, Mungu asifiwe). Kisha akaiweka kalamu chini akauliza, "Mzee, kabla ya pikipiki ulikuwa unafanya kazi gani?"

Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Siku hiyo alisema! Alimweleza jinsi ya kupanda kilima na gunia la sukari nyuma, jinsi mvua ikinyesha unavyosimama kwenye pedali usiteleze. Aliinuka kitini akamwonyesha kwa mwili. Foleni nje ilianza kunung'unika, mama mmoja akachungulia mlangoni. Sista hakumkatiza. Akauliza tu, "Na baiskeli yenyewe iko wapi, mzee?"

Ilikuwa imetundikwa kwenye banda la kuku. Godoro jekundu panya walikuwa wamelimaliza.

Sista akachukua kalamu. Chini ya jina la dawa, kwa mwandiko uleule, akaandika: "Baiskeli, dakika 30, siku 5 kwa wiki." Hizo ni dakika 150, kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kwa mtu mzima. Akamwambia aanze polepole, na akisikia kifua kinabana asimame, aje upesi.

Wiki hiyohiyo mzee alibadilisha tyubu mbili. Sasa alfajiri ni yeye anayekwenda kuchota maji, jerikeni mbili zimefungwa kwenye keria, na mimi nalala hadi jua litoke. Mara ya mwisho presha ilikuwa 140 kwa 88. Sitasema ni baiskeli, maana dawa hajaacha hata siku moja, na asiache. Ila anapanda ngazi za msikiti bila kushika ukuta.

Kwa hiyo nimeanza na hapana, na mkono wangu unaandika ndiyo. Waandike. Lakini waandike pamoja na dawa, wasiandike badala ya dawa. Na kabla ya kuandika wamuulize mtu anaishije. Rais wetu Museveni alipojirekodi akipiga pushapu ofisini Aprili 2020 wakati wa karantini, wengi walifurahi, na ile siku ya taifa ya mazoezi kila Julai ni jambo jema. Ila mkulima wa kike huna haja ya kumwambia akimbie. Huyo pengine anahitaji kuandikiwa apumzike. Wahudumu wetu wa VHT, wale wa afya wa kujitolea vijijini, wanaoingia hadi jikoni kwetu, wangeweza kuuliza swali lile la sista kuliko mtu yeyote, kama wangefundishwa na kulipwa. Na barabara yetu, na malori yale yaliyopanga foleni, inanitia hofu kila asubuhi hadi nisikie kengele ya baiskeli uani.

Sista yule alihamishwa. Daftari la mzee lilipojaa tulinunua jipya, na musawo aliyepo sasa alihamishia dawa tu. Tulipofika nyumbani nilichukua kalamu ya mtoto nikaukopi mstari wa baiskeli kwa mkono wangu, pale pale chini ya dawa.