Re: Valentine ilianzia wapi, na lazima waridi jekundu?

Shoga, umeuliza 14 Februari imetoka wapi na kama mume asipoleta waridi ndo hakupendi. Jina ni la Valentino, padri wa Kikristo alouliwa Roma karne ya 3, na hapo mapenzi hayamo bado, hata Kanisa Katoliki mwaka 1969 liliitoa sikukuu yake kwenye kalenda yao kuu kwa vile habari zake za uhakika ni chache mno. Mapenzi yameingia kwa washairi, karne ya 14 kule Uingereza Chaucer akaandika kuwa siku hiyo ndege hukusanyika kila mmoja achague mwenzake, basi watu wakaanza kuandikiana barua, baadae kadi, na Marekani mwishoni mwa miaka ya 1840 Esther Howland wa Massachusetts akawa anatengeneza kadi za lesi na kuziuza, biashara ikakua.

Sasa hilo waridi. Mume wangu hajaniletea hata moja, lakini akipita soko la Darajani hapa Unguja huniletea kikuba, yaani kishada cha asumini na mrehani na mkadi, kimefungwa uzi na bado kimelowa maji, nakibandika kifuani chumba kizima kinanukia mpaka asubuhi. Na akininunulia doti ya kanga anasoma jina kwanza, yale maneno yalioandikwa kwenye kanga, kabla hajalipa, asije akaniletea maneno ya kugombana! Wallahi mie hayo nayathamini kuliko waridi la dukani. Mwambie wako akakitafute kikuba mapema tu, usiku vikuba vinakuwa vishasinyaa.