Wasomaji Wanauliza: Je, Ukubwa wa Kwotabeki Hupimwa kwa Pete?

Barua za safari hii zinahusu futiboli ya Kimarekani, na nyingi zinarudi kwenye nafasi moja ya uwanjani, yaani ile ya kwotabeki. Tumechagua nne.

SWALI: Ndugu Mhariri, mdogo wangu anaishi Minneapolis na kila ifikapo Februari, wakati wa Super Bowl, yaani fainali ya ligi ya Marekani, tunabishana kwa simu. Yeye anashikilia kwamba kwotabeki Tom Brady hana mpinzani kwa kuwa ana pete saba za ubingwa, zile wanazopewa wachezaji wa timu inayoshinda fainali. Mimi nimesoma habari za Peyton Manning na Joe Montana, nami naona pete ni za timu nzima. Nani kati yetu ana haki? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Ndugu msomaji, hoja yako ina nguvu kuliko mdogo wako anavyodhani, ingawa mwisho wa hesabu nitamuunga mkono yeye kwa sababu ambazo huenda hakuzitaja.

Kwotabeki hupokea mpira karibu katika kila shambulizi na kuamua, ndani ya sekunde mbili tatu, amrushie nani, amkabidhi nani, au akimbie nao mwenyewe. Timu hupewa nafasi nne za kusogea yadi kumi, na ikishindwa mpira huwaendea wapinzani. Hakuna mchezaji mwingine anayebeba uamuzi mwingi kiasi hicho. Hata hivyo, wapinzani wanapokuwa na mpira yeye huketi benchi akiwatazama wenzake kumi na mmoja wakilinda matokeo ambayo baadaye yataandikwa kwa jina lake.

Tazama fainali mbili za Brady mwenyewe. Februari 2002, akiwa na New England Patriots dhidi ya St. Louis Rams, pasi zake zilizaa yadi 145 tu. Walinzi wa Patriots ndio waliowabana Rams, na Adam Vinatieri ndiye aliyepiga teke la mwisho lililoleta ushindi wa pointi 20 kwa 17. Brady akaondoka na pete ya kwanza pamoja na tuzo ya mchezaji bora wa fainali. Februari 2018, dhidi ya Philadelphia Eagles, alirusha yadi 505, kiasi ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekifikia katika Super Bowl yoyote, na timu yake ikafungwa 41 kwa 33. Ukihesabu pete peke yake, utasema alicheza vizuri zaidi siku ile ya yadi 145.

Kisa cha Manning ni kikali zaidi. Upasuaji wa shingo ulimfanya akose msimu mzima wa 2011. Indianapolis Colts wakamwacha, akahamia Denver Broncos. Mwaka 2013 alirusha tachidauni 55 (yaani pasi zilizoufikisha mpira ndani ya eneo la mwisho la wapinzani) na yadi 5,477 katika msimu mmoja, rekodi zote mbili, kisha akafika fainali na kufungwa na Seattle Seahawks 43 kwa 8. Miaka miwili baadaye, mwili ukiwa umechoka, alirusha tachidauni 9 tu huku pasi zake 17 zikinaswa na wapinzani, na huo ndio msimu uliompa pete ya pili. Fainali ya Februari 2016 dhidi ya Carolina Panthers ilishindwa na walinzi wa Denver, na tuzo ya mchezaji bora akapewa Von Miller, ambaye ni mlinzi. Kwa hiyo anayetaka kumjua Manning azitazame tuzo zake tano za Mchezaji Bora wa Msimu, idadi ambayo hakuna mwingine aliyewahi kuifikia, kabla ya kuzitazama pete zake mbili.

Sasa nieleze kwa nini bado naelemea upande wa mdogo wako. Brady aliteuliwa wa 199 katika uteuzi wa mwaka 2000, ambamo timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu, baada ya makwotabeki wengine sita kuchukuliwa, akacheza misimu 23 hadi umri wa miaka 45. Katika muda huo alikusanya yadi 89,214, tachidauni 649 na ushindi 251 bila kuhesabu mechi za mtoano. Alibadilisha timu akiwa na miaka 42 na kutwaa ubingwa mara ya saba katika msimu wake wa kwanza akiwa na Tampa Bay Buccaneers. Walinzi wanaweza kukupa pete moja, pengine hata mbili. Hawawezi kukufikisha kwenye fainali kumi ndani ya miongo miwili, huku wao wenyewe wakibadilika karibu wote.

Zaidi ya hayo ipo fainali ya Februari 2017 mjini Houston. Katika robo ya tatu Atlanta Falcons waliongoza 28 kwa 3. Patriots walipobakiza takriban dakika sita walihitaji tachidauni mbili, na kila moja ifuatiwe na jaribio la nyongeza la pointi mbili, ambalo ni gumu kuliko teke la pointi moja. Walifanikiwa yote manne, tachidauni ya pili ikiingia dakika ya mwisho, matokeo yakawa 28 kwa 28, na kwa mara ya kwanza Super Bowl ikaenda muda wa nyongeza. Patriots wakapata mpira kwanza, Brady akawasogeza uwanja mzima kwa pasi fupi fupi, na James White akaingia na mpira kumaliza mchezo 34 kwa 28. White alikuwa amepokea pasi 14 siku hiyo. Brady hakumlazimishia mpira mpokeaji mwenye jina. Alimpa aliyekuwa huru.

Lakini ukiniuliza nimpe nani mpira katika fainali moja tu, nitamtaja Montana wa San Francisco 49ers bila kusita. Alicheza fainali nne, akashinda zote nne, na katika pasi 122 alizorusha humo hakuna hata moja iliyonaswa na mpinzani. Januari 1989 mjini Miami, zikiwa zimebaki dakika tatu na ushei, timu yake ilikuwa nyuma 16 kwa 13 dhidi ya Cincinnati Bengals na mpira ulikuwa yadi nane tu kutoka kwenye mstari wao wenyewe. Aliwavusha yadi 92, akamrushia John Taylor pasi ya ushindi zikiwa zimebaki sekunde 34.

SWALI: Dan Marino anatajwa miongoni mwa wakubwa ilhali hakuwahi kuwa bingwa, na takwimu zake zimepitwa na vijana wengi wa sasa. Heshima hiyo inatoka wapi? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Inatoka katika mwaka 1984. Akiwa msimu wake wa pili tu na Miami Dolphins, Marino alirusha yadi 5,084 na tachidauni 48. Kabla yake hakuna aliyekuwa amefikisha yadi 5,000 katika msimu, na rekodi ya tachidauni ilikuwa 36 tu, iliyowekwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mtu aliyeiongeza rekodi kwa theluthi nzima kwa mkupuo mmoja hahitaji utetezi. Rekodi yake ya yadi ilidumu hadi mwaka 2011, Drew Brees wa New Orleans Saints alipofikisha 5,476. Miaka miwili baadaye Manning akampita Brees kwa yadi moja.

Takwimu za futiboli ya Kimarekani hazilinganishiki bila kutazama sheria za wakati wake. Hadi mwaka 1977 mlinzi aliruhusiwa kumsukuma mpokeaji popote uwanjani kabla mpira haujarushwa. Mwaka 1978 ligi ilizuia msukumo huo usivuke yadi tano za mwanzo, ikawaruhusu wanaomkinga kwotabeki kunyoosha mikono na kufungua viganja, na ikaongeza mechi za msimu kutoka 14 hadi 16. Tangu mwaka 2021 mechi ni 17, na sheria zinazokataza kumpiga kwotabeki kichwani au magotini zimekuwa kali mno. Marino alifaidika na mabadiliko ya 1978, hilo ni kweli, lakini wenzake wote walifaidika nayo pia na hakuna aliyemkaribia.

Kwa sababu hiyohiyo namheshimu sana Johnny Unitas, ambaye takwimu zake leo zinaonekana za kawaida. Pittsburgh Steelers walimwacha mwaka 1955, akawa anacheza katika timu ya mtaa kwa dola sita kwa mechi, ndipo Baltimore Colts wakamchukua mwaka uliofuata. Kuanzia 1956 hadi 1960 alirusha walau tachidauni moja katika mechi 47 mfululizo, enzi ambazo walinzi walikuwa na ruhusa ya kufanya karibu kila kitu. Rekodi hiyo ilikaa zaidi ya nusu karne, hadi Brees alipoivunja mwaka 2012. Otto Graham wa Cleveland Browns naye alicheza misimu kumi, akafika fainali kumi na kushinda saba. Wanaomtangaza Brady kuwa bingwa wa pete huwa hawamtaji, pengine kwa kuwa Super Bowl ilikuwa haijaanzishwa.

SWALI: Hapa Edmonton, Kanada, wazee bado humtaja Warren Moon. Je, mafanikio yake ya huku yanahesabiwa? – Msomaji, Edmonton

JIBU: Katika rekodi za ligi ya Marekani hayahesabiwi. Moon, ambaye ni kwotabeki, alikuwa mchezaji bora wa Rose Bowl, mechi kubwa ya vyuo vikuu, ya Januari 1978 akiwa na Chuo Kikuu cha Washington, lakini katika uteuzi wa mwaka huo hakuna timu iliyomtaka kama kwotabeki. Wakati huo viongozi wengi wa timu hawakuamini kwamba mtu mweusi anaweza kuongoza mashambulizi, na vijana wengi wenye kipaji chake walihamishiwa nafasi nyingine. Moon alikataa kuhama nafasi, akahama nchi. Alitwaa Kombe la Grey, ubingwa wa ligi ya Kanada, mara tano mfululizo na Edmonton, kisha mwaka 1984 akaenda Houston Oilers akiwa na umri wa miaka 27. Alirusha yadi 49,325 katika ligi ya Marekani, na ukiongeza zaidi ya 21,000 za Kanada unapata jumla iliyozidi 70,000. Mwaka 2006 aliingia katika Jumba la Heshima, linalowaenzi magwiji wa mchezo huu, mjini Canton, Ohio, akiwa kwotabeki mweusi wa kwanza humo.

Doug Williams ndiye aliyevunja ukuta wa ubingwa. Januari 1988, akiwa na timu ya jiji la Washington katika Super Bowl dhidi ya Denver, aliumia goti katika robo ya kwanza, akatoka, akarudi. Timu yake ilikuwa nyuma 10 kwa 0. Katika robo ya pili pekee alirusha tachidauni nne, Washington wakapata pointi 35, na mchezo ukaisha 42 kwa 10. Ilichukua hadi Februari 2023 kwa fainali kuwakutanisha makwotabeki wawili weusi, Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs na Jalen Hurts wa Philadelphia Eagles. Chiefs walishinda 38 kwa 35, ikiwa pete ya pili ya Mahomes. Ya tatu ilifuata mwaka mmoja baadaye.

SWALI: Mbona Brady hayumo katika orodha ya Jumba la Heshima? – Msomaji, Kampala

JIBU: Kanuni inamtaka mchezaji akae nje misimu mitano kamili kabla jina lake halijapelekwa kwa wapiga kura, ambao wengi ni waandishi wa habari za michezo. Manning, aliyestaafu mwaka 2016, aliingia 2021. Brady alicheza mechi yake ya mwisho Januari 2023, hivyo zamu yake ni mwaka 2028.