Kuhusu Mkopo Wako, na Siku ya Mahafali

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu kabla ya kushika kalamu. Unauliza kama uweke rehani nyumba yenu ya Mwanza ili upate mkopo wa benki, karakana yako ya ushonaji itoke cherehani sita ifike ishirini, na kama mwanamke anayerudi nyumbani kila siku watoto wamekwisha lala anaweza kusema amefanikiwa. La rehani halina maneno mengi: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mwanandoa kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, kwa hiyo zungumza na mume wako mapema, asije akazisikia habari kwa afisa wa mikopo.

Sheria hiyohiyo inampa mwanamke aliyeolewa haki sawa na mwanamume ya kumiliki mali na kufunga mikataba kwa jina lake. Laiti ningalilijua hilo mwaka 2001, nilipotoka kwenye kile kibanda changu cha kanga, Mtaa wa Uhuru, nikaenda benki moja kuomba mtaji, daftari la mauzo ya miaka mitatu likiwa kwapani. Yule kijana wa mikopo hakulifungua. Aliniuliza tu, "Mama, mzee yuko wapi aje atie sahihi?" Nikamjibu kwamba mzee ni mwalimu, yuko darasani, na hajui hata bei ya doti moja. Akacheka, nami nikacheka naye, na kicheko changu ndicho kinachoniuma hadi leo.

Nimekwambia tangu u mdogo kwamba fedha isiyo na daftari ni ya kila mtu. Mtaji niliupata kwenye upatu: tulikuwa wanawake kumi, kila mmoja akitoa shilingi 10,000 kwa wiki, na hakuna aliyemwuliza mwenzake habari za mume. Zamu yangu ikaangukia wiki ya mahafali yako ya darasa la saba. Siku yenyewe nilikuwa nimekwisha vaa, nafunga kibanda, alipofika mama mmoja kutoka Bagamoyo akitaka doti 40 za sare ya harusi, zote za jina moja. Ninazo korija mbili kamili, doti ishirini kwa kila korija, nimezinunua jana yake kwa fedha za upatu! Nilimhesabia moja moja, nikikunjua kila kanga tuhakikishe jina ni lile lile na pindo halina doa, na nilipofika shuleni viti vilikuwa vinakusanywa. Baba yako alikuwa amekushikia cheti, nawe hukuniuliza nilikuwa wapi.

Faida ya siku ile ndiyo iliyoanza kulipa ada yako ya kidato cha kwanza, na mbele ya shangazi zako hayo ndiyo ninayoyaita mafanikio. Usiku, hata hivyo, nabishana na nafsi yangu. Yule mama angalikubali kusubiri saa mbili? Pengine angalivuka barabara akanunua kwa jirani. Pengine angaliketi pale akanywa soda. Ada ingalipatikana kwingine, au isingalipatikana. Hesabu hii nimeirudia miaka mingi na haijawahi kunipa jibu moja.

Kwa hiyo sitakuambia kopa wala usikope, ingawa kalamu inanivuta. Cherehani ishirini ni nyingi, niruhusu niseme hilo tu. Kumi zingetosha kwa kuanzia. Basi, nimenyamaza. Ila kabla hujatia sahihi, andika umeme, mishahara ya mafundi, na ile miezi baada ya sikukuu ambayo wateja huadimika huku benki ikidai rejesho lake, maana fedha isiyo na daftari ni ya kila mtu, na ya kukopa ndiyo zaidi.

Kuna kifurushi nimekutumia kwa basi. Ndani yake, chini ya vitenge vya wajukuu, mna daftari la mwaka 2001. Ukurasa wa siku ile nimeukunja pembeni: doti 40, Bagamoyo, fedha taslimu. Chini yake, upande wa matumizi, utaona nauli ya daladala hadi shuleni kwako.

Mama yako